Kule juu ya Ruwenzori, neno la nani lifuatwe?

Kila mara tunapoongea juu ya desturi za Wanande na Wakonzo kuhusu mlima Ruwenzori, kuko vijana wenye masomo wanaocheka. Wazee walisema kule kwenye theluji anakaa Kitasamba, na mtu hapandi kwake ovyo ovyo, anaomba ruhusa kwanza. Vijana wanasema ni ushirikina tu. Mimi ni mkristo, simwabudu Kitasamba. Lakini ndani ya ile desturi naona swali ambalo shule haijajibu.

Tuchukue safari yenyewe. Toka Mutwanga, watu wanalala Kalonge, halafu Mahangu, halafu Kiondo, kwenye mita karibu 4.200. Kilele cha Margherita kiko mita 5.109. Ni matope, ukungu, baridi ya kukata vidole. Hewa inapunguka, kichwa kinauma, mtu anatapika, na dawa yake ya kweli ni kushuka. Sasa asubuhi ya kupanda kilele, ukungu unafunga. Mbeba mizigo, mtoto wa pale pale, anasema: leo haiwezekani, turudi. Mgeni anajibu: nimelipa, twende.

Nani ana haki? Mapatano ni mapatano, ndiyo. Na mbeba mizigo ana watoto wa kulisha, njo maana anaweza kunyamaza na kufuata. Lakini pesa imenunua mabega yake, haikununua ukungu. Akifuata, anatia uhai wake hatarini kwa furaha ambayo si yake, pengine na koti nyepesi kuliko ya mgeni. Mwaka 1906, duki wa Abruzzi alipanda kutokea upande wa Uganda, akakipa kilele jina la malkia wa Italia. Wale Wakonzo waliomubebea mizigo, nani kati yetu anajua jina hata la mmoja?

Mtu atasema: tukifuata wazee, hatutapanda hata siku moja. Sivyo. Anayeomba ruhusa anaweza kukubaliwa, anaweza pia kukataliwa. Amejitayarisha kusikia yote mbili. Yule anayesema anakwenda "kushinda mlima" (kumshinda nani, jamani?) hawezi kusikia hapana, hata ikitoka kinywani mwa mtu anayejua njia.

Kwa hiyo ningependa jambo moja lipatanwe mbele ya kutoka Mutwanga: mbeba mizigo akisema turudi, wote wanarudi, na mshahara wake analipwa mzima, sawa vile wangefika juu.