Ndiyo ya Mbunge



Mwinjilisti mmoja wa huku Ufipa alituuliza neno ambalo siku ile hatukuweza kulijibu. Alisema, "Mbunge akichaguliwa na watu wa kwao, kisha akafanywa waziri, anaponena ndiyo katika Bunge, ile ndiyo ni ya nani? Ni yetu tuliomtuma, ni ya serikali iliyompa kazi, au ni ya moyo wake mbele ya Mungu?" Tumelifikiri neno hili siku nyingi, nasi twaandika hapa jinsi tulivyoliona.

Kwanza yafaa tujue desturi ya nchi. Kwa Katiba ya mwaka 1977 Waziri Mkuu hana budi awe mbunge aliyechaguliwa na jimbo, na mawaziri nao hutolewa miongoni mwa wabunge. Basi mtu mmoja huvaa kanzu mbili. Kwa kanzu ya kwanza yampasa kuiuliza serikali. Kwa ile ya pili yampasa kujibu. Tena mashauri mengi hayapigiwi kura kwa majina. Spika huuliza, wanaokubali husema Ndiyo kwa pamoja, wasiokubali husema Siyo, naye hupima sauti kwa sikio. Bajeti ya serikali ndiyo huamuliwa kwa kuitwa jina kwa jina na kuandikwa. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga akitaka kujua mjumbe wake alikubali nini mwaka mzima, ataona kurasa nyingi za hotuba na kura chache mno.

Mfano ulio karibu nasi ni Bwana Mizengo Pinda. Mwaka 2000 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mpanda Mashariki, wakati Mpanda ilipokuwa ingali katika mkoa wetu wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Alikuwa naibu waziri, kisha waziri, na mwezi wa Februari 2008, Bwana Edward Lowassa alipojiuzulu, yeye akawa Waziri Mkuu hata Novemba 2015. Alipenda kujiita mtoto wa mkulima, na watu wakamwita hivyo.

Mwaka 2011 ukame uliwapata watu wengi wa Afrika ya Mashariki, na serikali ikakataza mahindi yasiuzwe nje ya nchi. Sababu yake ilifahamika: chakula kisipungue nchini, wala bei isiwaumize wanunuzi wa mijini na wa mikoa yenye njaa. Lakini nyanda za kusini, Rukwa ikiwamo, ndizo zilizokuwa na ziada. Mkulima wa Ufipa, aliyefukia majani katika matuta yake ya mviringo na kupalilia kwa jembe la mkono, hutazamia mahindi hayo yampe ada ya shule, na mabati, na dawa. Akizuiwa kuuza panapo bei njema, mzigo wa njaa ya wengine huangukia mgongo wake yeye. Marufuku ile iliondolewa baadaye. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo: mtoto wa mkulima alikuwa mkuu wa shughuli za serikali iliyomzuia mkulima. Je, aliwasaliti wa kwao?

Hatusemi hivyo. Twakumbuka habari za Yusufu, mtoto wa mfugaji, aliyewekwa juu ya ghala za Misri. Yeye hakuuliza kwanza ni nani wa kwao. Aliweka akiba kwa ajili ya nchi nzima, na kwa akiba hiyo hata ndugu zake walipona. Walakini sura ya 47 ya Mwanzo, ambayo hatuisomi sana katika ibada, yatuonyesha na upande wa pili. Wamisri walileta fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, mwisho wakajitoa wao wenyewe kwa Farao ili wapate nafaka. Ghala lililowaponya ndilo lililowafanya watumwa. Mwenye kushika funguo za ghala aweza kutenda mema na kuumiza kwa mkono mmoja, siku ile ile.

Kwa sababu hiyo twaona ya kuwa mbunge hakutumwa kama mtoto atumwavyo dukani, aambiwe lete chumvi na alete chumvi. Alitumwa akatazame na kupima, na nchi ni kubwa kuliko jimbo lake. Aweza kukubali neno linalotupunguzia sisi, na moyo wake ukawa safi. Wengi wetu hatupendi kusikia hivyo. Twamtaka "mtoto wetu" alete barabara na maji huku nyumbani, na akileta hatuulizi zimetoka kwa nani.

Lakini kuna sharti. Akirudi Sumbawanga, au Namanyere, au Matai, asimame mbele ya watu na kusema: nilikubali neno hili, nalo litawaumiza, na sababu yangu ni hii. Asipoweza kuitamka ndiyo yake peke yake, twaogopa ya kuwa aliificha ndani ya sauti za wengi.

Yusufu wa pili wa Maandiko ni yule wa Arimathaya, mtu wa baraza. Luka ametuandikia kura yake: katika shauri la kumwua Bwana wetu, yeye hakuwa upande wao. Ila Yohana asema ya kuwa mtu huyo alikuwa mwanafunzi kwa siri, kwa hofu. Basi, je, alisema Siyo kwa sauti, au alinyamaza na kukataa moyoni? Hatukuambiwa. Twajua tu ya kuwa hofu yake ilikoma alipokwenda kwa Pilato kuuomba mwili, na hapo watu wote waliweza kumwona.

Mwezi wa Aprili 2012, baada ya taarifa za mkaguzi wa hesabu za serikali, wabunge waliandika majina yao kwenye karatasi ili hoja ya kutokuwa na imani na Bwana Pinda iletwe Bungeni. Wengi wao walikuwa wa upinzani, na wachache wa chama chenye serikali. Hoja yenyewe haikufika kupigiwa kura, lakini mwezi wa Mei Rais alibadili baraza lake na mawaziri sita wakaachwa. Hatuamui hapa kama waandikao walikuwa na haki juu ya Bwana Pinda. Twatazama hili tu, ya kuwa waliweka majina yao.

Na waziri asiyekubali shauri la wenzake afanyeje? Shauri likiisha kuamuliwa na baraza la mawaziri ni la wote, wala hawezi kulibeba mchana na kulitupa usiku. Kama dhamiri yake yakataa, arudishe kazi. Bwana Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri mwaka 1977 kwa ajili ya watu waliokufa Shinyanga mikononi mwa watumishi wa serikali, ingawa si yeye aliyewatesa. Mwaka 1985 akawa Rais. Lakini siku alipoandika barua ile hakuwa na ahadi yo yote ya hayo.

Twaandika haya si kama watu walio safi. Tulikuwa katika kikao kimoja cha baraza la wazee, ikaulizwa kama fedha zilizokusanywa kwa ajili ya wajane zitumike kwanza kwa paa la kanisa. Sauti zikasema ndiyo. Nje ya mlango tulinung'unika, kila mtu na mwenzake, hata giza likaingia. Daftari ya kikao yasema ya kuwa wote walikubali, nasi tumo katika hao wote.