Nani Amekutaja, Wewe Umemtaja Nani

Mtoto wa Banissa ukimuuliza jina, hakupi moja. Anakupa lake, la baba, la babu, na ukimwacha atapanda hivyo hadi juu kabisa kwenye ukoo. Wasomali huita abtirsi, na mtoto huishika kwa moyo mapema. Jina la familia hana. La tatu ni la babu, basi.

Sasa mpe huyo mtoto shahada, umpeleke kwenye majarida ya sayansi. Huko mfumo unataka jina la mwisho na herufi moja. Tuseme Adan, mjukuu wa Mohamed, anasoma ubongo: anakuwa "Mohamed A." Binamu yake Abdullahi anasoma nyota: naye "Mohamed A." Hifadhidata inawashika wawili hao na kuwafanya mwanasayansi mmoja hatari sana. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wa mtafiti aliyebobea kwenye neva na kwenye mashimo meusi ya angani, usishangilie haraka. Labda ni kipaji. Labda ni babu. Ndiyo maana tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtofautisha mtafiti na wenye jina kama lake.

Haya, tuseme ni mtu mmoja kweli. Atapimwa kwa h, kipimo alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: una h ya 20 kama makala zako 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja. Rahisi, na hapo ndipo shida. Mwambie mfugaji wa Banissa una mifugo sitini, atakuuliza: ngamia au mbuzi? Makala ya 2016 iliyotangaza mawimbi ya mvutano ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000, na kila mmoja anahesabiwa nukuu zote. Makala ya ubongo inaweza kuwa ya watu sita. Kuzijumlisha ni kumchanganya ngamia na mbuzi kisha kujivunia sitini.

Lakini ugomvi wangu si wa hesabu. Hata ikirekebishwa, h huuliza swali moja tu: nani amekutaja? Dugsi hutufundisha swali la pili. Hadithi huja na isnadi, mnyororo wa wapokezi, na swali lake ni: wewe umepokea kwa nani? Wanazuoni wa hadithi nao huhesabu. Iliyopokewa na wengi mno huitwa mutawatiri na ina uzito wake. Ila kwa zile nyingine humgeukia kila mpokezi, mmoja mmoja. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Alikutana kweli na huyo anayemtaja? H haina muda wa hayo. Nukuu inayokusifu na inayosema umekosea, zote ni moja.

Chukua Waborana, majirani zetu wa huku na ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia. Siku zao zina majina 27, na wajuzi wao hupanga kalenda kwa kutazama mwezi na nyota. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliieleza kalenda hiyo katika kitabu chake *Gada* cha 1973, na mzee Arero Rammata ni mmoja wa aliowataja kwa jina. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliitumia kalenda hiyo katika jarida la *Science*, wakisema nguzo 19 za mawe za Namoratunga, kule Turkana, zilielekezwa kwa nyota hizo. Mwaka 1982 Robert Soper akapima upya, akawatilia shaka. Shaka yake nayo ikawaongezea nukuu! Nukuu zinazidi, lakini ukizifuata nyuma mnyororo unakatikia kwenye kitabu. Arero hana h. Hakuchapisha.

Utasema si kila mtu anafaa kutajwa, na ni kweli. Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wamekuwa wakitafiti tangu 1989, watoto waliougua malaria ya ubongo wamechangia sana elimu tuliyo nayo kuhusu degedege na kifafa. Majina yao yamefichwa, na yafichwe. Mtoto analindwa. Lakini mzee aliyekaa na mgeni akamfundisha mpango wa nyota si mgonjwa wala si sampuli. Ni mwalimu, na kumwandika "wenyeji wanasema" ni kumkata kwenye isnadi.

Kijana wa Banissa anayetaka kupanda cheo chuo kikuu Kenya atahesabiwa pointi za machapisho, hilo halitabadilika kesho. Simwambii azidharau, ana ada za wadogo zake za kulipa. Ila mitindo mingi ya uandishi ina nafasi ya mazungumzo ya ana kwa ana: jina, mahali, tarehe. Haiongezi pointi hata nusu. Ninachomwomba ni aijaze hivyohivyo, na jina la mzee aliandike kamili, na babu ndani.