Mmoja wa Kukhu

Sensa ya 2019 ilihesabu usiku wa tarehe 24 Agosti. Karani alipofika kwetu Shinyalu na kishikwambi chake, Kukhu alimtajia majina matatu: lake, langu na la mjomba, aliyeenda Nairobi kitambo na simu yake haiingii.

"Huyu alilala hapa?"

"Hapana. Lakini ni wa hapa."

"Kukhu, tunaandika waliolala hapa."

"Basi mnahesabu mikeka," akasema, akarudi kuchambua maharagwe.

Niliona aibu. Kwani mtu mmoja ni nini? Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, na darasa liliendelea tu bila mimi.

Matokeo yakatoka: Kaunti ya Kakamega, watu 1,867,579. Juzi nilikaa na nambari hiyo na kalamu. Inagawanyika kwa 7, unapata 266,797, halafu unakwama, maana 266,797 ni nambari tasa. Yaani ukitaka kutupanga kwa makundi yaliyo sawa, ni ama makundi 7 makubwa, ama vikundi 266,797 vya watu saba saba. Basi. Majimbo yetu ya ubunge ni 12. Tugawe sawasawa, na watu 7 wanabaki nje ya mlango.

Sasa mwongeze mjomba: 1,867,580. Saba inakataa. Zinaingia 2, 4, 5, 10, 20. Wala si bahati. Nambari mbili zinazofuatana hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1, kwa sababu kinachogawanya zote mbili lazima kigawanye tofauti yao, na tofauti ni 1. Mtu mmoja tu, na mpangilio wote wa zamani umevunjika.

Nilitaka kumkimbilia Kukhu nimwambie alikuwa sahihi. Halafu nikasita. Mtoto yeyote aliyezaliwa siku hiyo angefanya kazi hiyo hiyo. Hesabu inataka mmoja, haiulizi nani. Kwa hesabu, gavana ni moja na mjomba ni moja. Hiyo ndiyo haki yake, na ndiyo inayoniuma, maana hata kiti changu chuoni kilipata mtu.

Lakini afadhali hiyo kuliko kukadiria. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha kivyao, na Kakamega walikuwa 40. Geuza iwe asilimia yenye desimali moja: 0.0. Ukisema sisi ni "karibu milioni 1.9", umeongeza watu 32,421 wa hewa, na mjomba hayumo hata kati ya hao.

Kwa hiyo naona hivi: kuhesabiwa ni haki ya kila mtu, na serikali inatudai na tunaidai. Kujua ni nani aliyekosekana ni kazi nyingine, na hiyo haina karani. Ni yetu.

Ukimuuliza Kukhu leo mko wangapi hapa nyumbani, hakupi nambari. Anataja majina, na bado ni matatu.