Kumpenda Ndege na Kummiliki



Je, mtu aweza kukidhuru kiumbe kwa kukipenda? Swali hili laonekana la mchezo, lakini jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, imewabidi kulijibu kwa matendo.

Yuko ndege wa vinamasini, korongo mwenye taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Waganda wanamjua vema, maana yumo katika bendera ya nchi yao. Ana kimo cha mita moja hivi, kichwani ana kishungi cha dhahabu, na akiwa na mwenzake hucheza kwa kuruka na kuinama kama walio arusini. Uzuri huo ndio uliomponza. Kwa miaka mingi makinda yake yalitwaliwa kinamasini yakauzwa, wakafugwa katika nyua za wenye fedha na bustani za hoteli wawe pambo. Ili wasiruke walikatwa manyoya ya mabawa, na wengine walivunjwa hata mifupa. Hakuna aliyewachukia! Kila mfugaji angekuambia kwamba anampenda ndege wake. Lakini korongo wa uani ni nadra kuzaa, na akifa hununuliwa mwingine, yaani kiota kingine huporwa. Mwaka 2012 ndege huyu alitiwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, pamoja na serikali ya Rwanda, walianza kazi ya kuwarudisha. Wenye kufuga waliombwa wajiandikishe, nao wakaahidiwa kwamba hawataadhibiwa. Korongo zaidi ya 200 waliandikishwa. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Akagera, wakazoezwa tena maisha ya porini. Wale ambao mabawa yao hayaponi walipewa makao Kigali, katika kinamasi kilichotengenezwa upya kwa ajili yao. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 katika nchi nzima. Ile ya mwaka 2022 ilipita 1,000.

Wako watakaosema kwamba msamaha ule ulikuwa ulegevu, kwa kuwa sheria ilikwisha kuvunjwa. Mimi siafiki. Mtu anayeogopa faini humficha ndege, au humchinja usiku, na ndege ndiye anayelipa. Hata hivyo tusijidanganye kwamba msamaha ulifuta kila kitu. Wako Kigali hadi leo korongo wanaotazama wenzao wakiruka juu yao.

Torati yenyewe iligusa jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu akikuta kiota njiani anaruhusiwa kutwaa makinda, ila mama amwache aende zake. Msomaji mwepesi aweza kusema: basi wale wauzaji hawakukosa, maana walitwaa makinda tu. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu niliwaambia wanafunzi wangu kwamba kanuni isiyoulizwa sababu yake hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia. Mama aliachwa ili kesho kuwe na kiota kingine. Sasa korongo hutaga mayai mawili au matatu tu, wazazi wote wawili huyaatamia kwa mwezi mzima, na makinda hukaa miezi miwili, mitatu, kabla ya kuruka. Ukitwaa makinda hayo kila mwaka, kumwacha mama kwafaa nini?

Na hapa ndipo penye ugumu ambao sioni ukisemwa vya kutosha. Ndege waliorudishwa hawatazaa hewani. Wahitaji majani marefu na maji yasiyokaushwa. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, kiliharibiwa kwa kukaushwa na kulimwa hata maji yakapungua katika ziwa liendeshalo mitambo ya umeme ya Ntaruka, na mwaka 2004 nchi ikapata shida kubwa ya umeme. Ndipo watu wakazuiwa kulima humo, na maji yakarudi. Faida ya umeme ilionekana mijini. Lakini aliyeacha shamba ni mkulima wa kando ya kinamasi, mwenye viazi vyake na mbuzi wake wawili, ambaye hakuwa na ua wala pambo.

Basi tajiri alisamehewa, na maskini akaombwa jembe lake. Sisemi kinamasi kilimwe tena. Nasema deni hilo lipo, nasi tulio upande huu wa mto tutalikuta vilevile siku tutakapoamua kuvitunza vinamasi vyetu. Wenzetu wameanza kulilipa kidogo kwa kuwaajiri baadhi ya wanakijiji kulinda viota na kuwaonya wakata majani. Mlinzi wa namna hiyo, akipata mshahara wake kwa wakati, anayo sababu ya kutaka makinda yaruke. Jirani yake aliyekosa kazi hiyo anaendelea kulitazama lile bonde, na mwezi wa kupanda umefika.