Bandu Bandu Huisha Gogo

Methali hii aghalabu hufasiriwa kwa uso mmoja, na uso huo ni wa kutia moyo: kwamba kazi kubwa, ijapokuwa yatisha kwa ukubwa wake, haiwezi kusimama mbele ya mkono unaobandua kidogo leo na kidogo kesho. Nami kwa muda wa miezi minane niliiamini kwa uso huo peke yake, kwa kuwa gogo nililojitwika lilikuwa la kutisha kweli. Ni triathloni ya mwendo mrefu, mashindano ambayo mtu huogelea baharini kilomita 3.8, akitoka majini hupanda baiskeli kilomita 180, na akishuka hukimbia kilomita 42.2, yote kwa siku moja, bila ya kupokewa zamu na mwenziwe. Mimi ni karani wa hapa Tanga, umri wangu umepita miaka 40, na sina tamaa ya ushindi wala zawadi. Nataka kufika tu, kule Gqeberha, Afrika Kusini, kabla ya saa 17 za ruhusa kumalizika.

Saa kumi na moja alfajiri, siku ambazo maji yamejaa na umande wavuma kutoka bara, nilikuwa nikiingia bahari ya Raskazone, nikihesabu mikono mia, nikielea chali kuvuta pumzi, kisha nikihesabu mia nyingine. Jumamosi nilishika barabara ya Muheza kati ya mashamba ya mkonge, tende mfukoni na chupa mbili za maji yenye chumvi na sukari; na jioni, baada ya kazi, nilikimbia nusu saa au zaidi. Hapakuwa na siku hata moja iliyostahili kusimuliwa kwa jirani. Bandu moja haina fahari, na anayebandua haoni gogo kupungua. Alionaye ni yule aliyesafiri akarudi baada ya mwezi. Subira inayotakiwa hapa, basi, ni nzito kuliko ile ya mtu aketiye kungoja, kwa kuwa ni subira ya kutenda jambo ambalo tunda lake halionekani siku ya kutendwa, na kulitenda kwa uangalifu ule ule kama kwamba laonekana.

Katika mwezi wa tisa muundi wa mguu wangu wa kulia ulianza kuuma, mahali pasipozidi upana wa kidole gumba. Nikapaka mafuta, nikaendelea, maana nilikuwa nimekwisha kujizoeza kudharau taabu. Na baada ya majuma mawili sikuweza kushuka ngazi. Tabibu akanieleza kwamba mfupa umeingia ufa mwembamba kama unywele, ambao haukutokana na pigo wala anguko, ila na hatua nyingi ndogo ndogo zilizofuatana bila ya mfupa kupewa wasaa wa kujijenga. Kwa kuwa moyo na mapafu huizoea kazi mapema, ilhali kano na mifupa huchelewa, mwenye pumzi nyingi hughurika akadhani kwamba miguu nayo imekuwa tayari.

Ndipo nilipoisikia methali upya. Wako wasemao "humaliza gogo", na katika tendo hilo mna mkono unaosifiwa. Lakini nyanya yangu akisema "huisha gogo": gogo ndilo liishalo, na aliyelimaliza hakutajwa hata kwa ishara. Tena aliisema kwa wajukuu waliochota sukari kwa ncha ya kidole kila wapitapo jikoni, wala hakuwa akiwasifu kwa bidii yao. Naona sasa kwamba alikuwa akitaja kanuni ya ulimwengu, isiyopendelea mtu: kidogo kikirudiwa ni kikubwa, kiwe cha kujenga au cha kubomoa. Mimi nilidhani nabandua gogo moja, la kilomita 226, kumbe chini ya tezo ile ile yalikuwapo magogo mawili, na la pili ni mwili wangu.

Triathloni ya urefu huu ilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, na kati ya watu 15 walioondoka walifika 12. Miaka minne baadaye, huko huko Hawaii, Julie Moss alikuwa mbele ya wanawake wote, na hatua chache kabla ya mwisho miguu ikamkataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akapitwa na Kathleen McCartney, akafika kwa kutambaa, nyuma yake kwa sekunde 29. Moyo ule nauheshimu sana. Hata hivyo kila nikikumbuka kisa hicho naona magogo yote mawili yakikaribia kwisha kwa wakati mmoja, na tofauti kati yao ni mita chache za lami.

Nilipokatazwa kukimbia nilikuwa na jioni nyingi zisizo na kazi, nikawa nakwenda pwani kumtazama mzee mmoja achongaye mtumbwi wa mwembe. Alibandua ndani kwa tezo, vipande vyembamba vikimrukia miguuni, na kila baada ya kitambo aliugonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akahamia mahali pengine. Siku moja, jua likali bado juu, aliweka tezo chini.

"Shikamoo, babu. Mbona waacha mapema leo?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa kimebaki kiasi cha kuelea."

Akaufunika mti kwa makuti mabichi usipasuke kwa jua, akafuta tezo kwa kitambaa chenye mafuta, akaketi kivulini. Majuma sita niliyopewa na tabibu yatatimia Jumatatu ijayo, na siku hiyo nimeruhusiwa kukimbia dakika 10.