Haki Katika Matope

Huko Marekani upo mchezo ambao sisi tuliozoea kuyaona matope kuwa adhabu ya masika twaweza kuucheka. Watu hutengeneza njia fupi, huimwagia maji mpaka udongo ukawa kama uji mzito, kisha hushindana kuivuka kwa motokaa. Afikaye ng'ambo kwa muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Na kama hakuna afikaye, hupimwa nani amekwama mbali zaidi. Wengi wao hawalipwi kwa kazi hiyo. Ni mafundi, wakulima na madereva wa malori, ambao baada ya kazi hujifungia bandani pamoja na wana wao, wakihangaika na gari kuukuu.

Kwa kuwa magari hayalingani, hugawanywa katika madaraja. Daraja moja ni la magari yaliyo karibu na hali yake ya kiwandani, jingine la yale yaliyobadilishwa kwa kiasi, na jingine ni la wazi, ambamo kila mtu huja na nguvu aliyo nayo. Mipaka huwekwa kwa kimo cha mipira, kwa ukubwa wa injini, au kwa kukataza mashine za kusukuma hewa ndani ya silinda. Hapo ndipo magomvi huanza, nayo ni magomvi yanayostahili kufikiriwa na kila apendaye haki.

Injini mashuhuri ya Chevrolet yenye silinda nane na ujazo wa inchi 350, yaani lita 5.7, yaweza kutiwa shafti nyingine yenye mwendo mrefu zaidi, silinda zake zikapanuliwa kidogo mno, nayo ikawa ya inchi 383. Kwa nje ni ileile. Mwenyewe huiandikisha kuwa ni 350, akasimama mstarini kando ya jirani yake. Je, amemwibia nani? Wengi watajibu upesi: hakuna, ni mchezo tu, na zawadi yenyewe ni kikombe cha bati.

Sisi twasema amemwibia jirani yake, tena kitu chenye thamani kupita kikombe. Maana kanuni ya daraja si amri ya serikali; ni ahadi waliyopeana washindani wenyewe. Jirani yule naye aliweza kujinyima na kununua shafti hiyo. Kwa kuitegemea ahadi aliiacha, fedha akazitumia nyumbani. Basi uaminifu wake ndio uliogeuzwa kuwa ngazi ya mwenzake. (Mwalimu amwingizaye kijana mwenye ndevu katika timu ya watoto wa darasa la tano asidhani kwamba twasema habari za Wamarekani peke yao.)

Hata hivyo tusiharakishe kusifu kila kanuni. Aristotle alifundisha kwamba ni dhuluma kuwapa walio sawa visivyo sawa, na pia kuwapa wasio sawa vilivyo sawa. Yafaa basi tuulize: kanuni yakusudia kusawazisha nini? Mtu akimshinda mwenzake kwa kujua lini akanyage mafuta na lini aachie, au kwa kuirekebisha kabureta kwa mikono yake mwenyewe, huo ndio mchezo wenyewe. Akimshinda kwa kuandika hundi, ni jambo jingine. Kanuni njema hufunga mfuko na kuiacha akili huru. Lakini wako waandikao kinyume. Katika mbio nyingine za udongo hutakiwa injini mpya iliyofungwa kiwandani kwa bolti maalumu, ili asiweze mtu kuifungua kwa siri. Nia ni nzuri. Ila fundi hodari mwenye kuunda injini kwa vyuma chakavu huachwa nje ya uzio, kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili yake.

Afrika ya Mashariki tuna mfano wetu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Twaona waliopanga hivyo walilishika jambo kwenye shina lake. Mvua nayo ilikuwa na hukumu yake: mwaka 1963 yalianza magari 84, na mwaka 1968 yakaanza 93, na kila mara yaliyomaliza yalikuwa saba tu.

Katika viwanja kadhaa vya Marekani iko kanuni kali zaidi. Aliyeshindwa aweza kulipa bei iliyotajwa tangu mwanzo na kuichukua injini ya mshindi. Mshindi akikataa, hupoteza ushindi. Hapo hakuna haja ya kuapishana. Nani atazika mali yake katika kitu kiwezacho kuchukuliwa jioni ileile kwa bei ndogo? Twaipenda kanuni hiyo, ingawa yaumiza. Maana yupo pia yule fundi maskini, aliyekesha miezi mingi akiiunda injini yake kwa haki, nayo huchukuliwa kwa bei ileile. Twaweza kumwambia kwamba ujuzi wake haukuchukuliwa, na kwamba ataunda nyingine. Lakini kama tungesimama karibu naye jioni ile, huenda tungenyamaza, tukamsaidia kuipakia kwenye lori la mwenzake.