Moyo Usio na Mwenyewe

Mwaka 1905, katika mji wa Leiden, Uholanzi, profesa Willem Einthoven, ambaye chombo chake cha kupimia umeme wa moyo kilikuwa kikubwa na kizito hata hakikuweza kupelekwa kitandani kwa mgonjwa, alitumia waya wa simu wa kilometa moja na nusu kuunganisha hospitali na maabara yake. Mgonjwa akatia mikono katika vyombo vya maji ya chumvi kule, na huku, katika chumba asichopata kukiona, uzi wa kwatzi uliopakwa fedha, mwembamba kuliko unywele, ukatikisika kwa kila pigo la moyo wake na kivuli cha uzi huo kikanaswa kwa picha.

Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na aliistahili. Lakini linalonishughulisha mimi ni kwamba tangu hapo moyo ulianza kutoa ushahidi pasipo mwenyewe kuwapo. Waliofikisha jambo hilo ukomo wake ni Dirk Durrer na wenziwe wa Amsterdam, ambao mwaka 1970 walitangaza habari za mioyo saba ya watu waliofariki kwa maradhi ya ubongo, wasiopata kujulikana kuwa na ugonjwa wa moyo. Mioyo hiyo ilitolewa vifuani, ikalishwa kwa kupitishiwa maji yenye kuihuisha, ikapiga tena. Kisha ikachomwa sindano zenye ncha za kupokea umeme, hata kufika ncha 870 katika moyo mmoja, ikachorwa ramani ya rangi kuonyesha wapi umeme hutangulia na wapi huchelewa. Katika chumba cha chini cha kushoto ilidhihiri kwamba sehemu tatu huamka takriban pamoja, ndani ya milisekunde 5 za mwanzo. Taratibu yote ilikuwa timamu, ilhali wenye mioyo hiyo walikuwa wamekwisha kuliliwa na jamaa zao.

Imani, basi, na toba, na nia, ambazo sisi husema maskani yake ni moyoni, zilikuwa wapi wakati ule? Wako waliodhani kwamba maswali ya namna hii yanaiaibisha dini. Waama, hofu yao imechelewa kwa zaidi ya karne nane, maana Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alikwisha kupambanua kipande cha nyama kilicho kifuani, ambacho hata wanyama wanacho na hata maiti anacho, na ile latifa ya kiroho ambayo ndiyo yenye kujua, kuamrishwa na kuhesabiwa. Sindano za Amsterdam ziliingia katika moyo wa kwanza. Wa pili haukuwapo mezani.

Jawabu hilo ni zuri, ila sipendi tulilalie. Matabibu wa Kijapani, mwaka 1990, walieleza ugonjwa ambao aghalabu huwapata wanawake watu wazima baada ya msiba au fadhaa kuu: moyo huvimba chini na kubana juu, mfano wa mtungi wa kutegea pweza, nao ndio uliotoa jina la maradhi, takotsubo, mistari ya umeme hugeuka ikafanana na ya mtu ambaye mshipa wake wa moyo umeziba, na mishipa ikichunguzwa haionekani iliyoziba. Wengi hupona kwa majuma machache. Basi habari ya kifo, ambayo haina uzito wala umeme, imeingia kwa sikio na kuigeuza nyama. Ile mioyo saba isingeweza kufikwa na habari hiyo, kwa kuwa hapakuwapo wa kufiwa.

Ghazali mwenyewe alikiri kwamba mioyo hiyo miwili ina uhusiano, na kwamba akili za wengi zimetatizika katika kuufahamu. Matabibu wa leo wamelifuata jambo hilo hata kwenye neva na homoni za mshtuko, ambazo nazo, kwa dhati yake, ni nyama na maji.